Mwaka Nilionyweshwa Pakanga

Tulimzika mama mkwe wangu kule kijijini Daudi, siku ya ukungu wa aina ile ambayo watu wa Mbulu hawauiti hata ukungu, wanasema tu leo kuna baridi. Nilikuwa sijanawa udongo mikononi nilipowakuta vijana nyuma ya nyumba wakikata pakanga yake, yale majani machungu ya dawa. Aliyewaongoza ni Joeli, mjukuu wa shemeji yangu, kijana mpole mwenye koti zuri, ambaye siku hizi anasaga majani, anayatia kwenye makopo na kuyatangaza kwa simu. "Shikamoo bibi," akasema, na kisu akakificha nyuma kama mtoto aliyekutwa kwenye sukari. "Tunachukua kidogo tu, isije ikamfuata mwenyewe." Nikaitikia marahaba, nikamuuliza anaichukua ya kutibu nini. "Ya kila kitu, bibi. Homa, kifua, minyoo, tumbo, presha, sukari. Tangu ule ugonjwa wa kifua, watu wanaiulizia sana. Na uzuri wake ni ya asili, haina madhara." Nikamwambia hata nyoka ni wa asili. Wenzake wakacheka, na yeye akacheka, kisha akatoa simu akaniomba nieleze marehemu aliitumiaje, maana mimi ndiye niliyekaa naye kuliko wote.

Nikaeleza. Nilisema jani bichi lilisokotwa na kutiwa puani mafua yakibana. Nilisema majani yalichemshwa mtu akajifukiza chini ya blanketi kifua kikikaza, na chai yake chungu ilinywewa kwa homa na kwa minyoo, kidogo, na kwa siku chache tu, kisha mtu akaachwa apumzike. Halafu nikamuuliza Joeli, "Na nani hanywi?" Akawatazama wenzake. Nikasema, "Mama mjamzito hanywi. Mtoto anayenyonya hanywi. Mwenye dawa za hospitali aulize kwanza hukohuko hospitali. Na ukiona mtu amekunywa na hali inazidi kuwa mbaya, usimwongezee, acha, umpeleke kwa daktari." Akaitikia kwa adabu. "Hiyo ya wajawazito nitaiweka mwishoni, bibi." Nikamwambia aiweke mwanzo, tena kwa sauti ambayo haikufaa msibani, na wanawake waliokuwa wakiosha masufuria wakageuka kunitazama. Walidhani ni uchungu wa kufiwa. Nao ulikuwa ni uchungu wa kufiwa, ila si wa siku ile.

Nilimpenda yule mama. Na hasira yangu kwake sikuwahi kuiweka chini. Watu hudhani vitu hivyo viwili havikai nyumba moja; vinakaa, tena vinakula sahani moja. Ninaandika haya nikiwa mwanamke mzima mwenye wajukuu, na sitaki mtu aniambie kwamba yaliyopita si ndwele. Yangu ni ndwele. Nimeishi nayo, nimelima nayo, nimelea watoto nayo, na siku ile nilipoona pakanga inakatwa na watu wasiojua ilinifanyia nini, ilisimama kifuani nzima kabisa.

Nilipandishwa Daudi kutoka Dirma baada ya mavuno, nikiwa mke mgeni, msichana wa Kibarabaig aliyezoea tambarare za Hanang, mahali ambapo ukisimama mlangoni unaona ng'ombe wa jirani hata wakiwa mbali. Kule juu kila kitu kinapanda au kinateremka, na ukungu ukishuka huoni hata zizi lako. Nyumba ilikuwa tembe ya zamani iliyochimbiwa kwenye mteremko, paa lake la udongo, upande mmoja ng'ombe na upande mmoja sisi, moshi katikati ukitugawia wote. Chumba changu kilikuwa nyuma ya vihenge vya mahindi. Kati yangu na wakwe palikuwa na ukuta wa fito uliokandikwa udongo mpaka usawa wa bega tu, hivyo nilisikia kila walichosema na sikuelewa karibu chochote, maana Kiiraqw changu kilikuwa cha kusalimia na kuomba maji. Mume wangu, Paskali, alikaa nami muda mfupi kisha akarudi Hanang kwenye mashamba ya ngano alikofanya kazi, na wifi yangu alikuwa shule ya bweni. Nikabaki na wazee wawili. Mimi na mama mkwe tuliongea Kiswahili, changu cha darasani, chake cha kanisani na mnadani. Hakikuwa lugha ya mama ya yeyote kati yetu, basi tulikitumia kwa uangalifu, kama watu wanavyotumia vyombo vya kuazima.

Alikuwa mwema kwangu. Ningependa kuandika kwamba alikuwa mkali, ingenirahisishia mambo, lakini sivyo. Alinipa nafasi ya karibu na moto. Ugali wa mtama ulipoiva alinikatia sehemu ya katikati, na maziwa mgando alinimiminia kabla hajajimiminia mwenyewe, huku akinitania kwamba watu wa bondeni wasipokunywa maziwa hulia usiku kama ndama. Asubuhi watu walikuja kwake kutafuta dawa, mwenye kikohozi, mwenye mtoto wa minyoo, mzee aliyeumwa tumbo, na yeye aliwahoji wote kwanza. Wanawake aliwahoji kuliko wanaume. Mara moja alimrudisha mke wa jirani mikono mitupu, akamfokea kwa Kiiraqw huku akimwonyesha tumbo lake, na yule mama akaondoka akicheka kwa aibu. Nilielewa baadaye kilichosemwa siku ile. Wakati ule niliona tu kwamba dawa yake haikuwa ya kila mtu, na nikamheshimu zaidi.

Watu wa juu wana imani moja ambayo mpaka leo haijaisha, kwamba homa ni ya bondeni na haipandi mlima peke yake, hubebwa na mtu. Anayetoka Hanang kuja Mbulu huangaliwa miezi yake ya kwanza. Akikohoa, homa. Akikosa usingizi, homa. Basi mimi nilipoanza kuichukia harufu ya maziwa, nikawa natoka asubuhi kwenda kutapika nyuma ya zizi, nyumba nzima ilikwisha kujua jibu kabla swali halijaulizwa. Zahanati mwaka ule haikuwa na klorokwini. Mama mkwe alinishika paji la uso, na paji lilikuwa la moto kwa sababu nilikuwa nimeinama kwenye mafiga napuliza kuni. Akaguna. Akatoka nje na mkasi wake wa kukatia sufu, akarudi na kishada cha majani ya kijivu yanayonuka ukali hata kabla hayajaguswa.

Mimi nilijua ni nini kilichokuwa kinanitapisha. Nilikuwa nimejua kwa wiki kadhaa, nami nilitembea nacho kama mtu aliyebeba yai mfukoni. Sikumwambia mtu, kwa sababu haikuwa kazi yangu kusema. Nilivyofundwa mimi, na alivyofundwa yeye, mimba changa haisemwi na mdomo wa mwenye nayo, na mkwe hamuulizi mke wa mwanawe kinywa kwa kinywa. Anatumwa mwanamke wa tatu. Anakuja kama anapita tu, anakaa nawe mnachambua maharage, anakuuliza, unainamisha kichwa, naye anapeleka habari upande wa pili wa ukuta. Katika ukoo ule mwanamke huyo alikuwa Mama Tluway, mke wa mdogo wake baba mkwe, aliyekaa bonde moja tu kutoka kwetu. Kila asubuhi nilipokaa kizingitini na ungo wangu nilitazama njia yake. Nilikuwa nimeshafikiria hata nitakavyoinamisha kichwa.

Mama Tluway hakuja, na hakuweza kuja. Binti yake alikuwa amejifungua mtoto mfu, na nyumba yao ilikuwa imeingia metimani. Ndivyo Wairaqw wanavyoiita hali ile: nyumba iliyopatwa na jambo kama hilo hutengwa, haichangii moto na watu, haichoti maji kwenye chemchemi ya wote, ng'ombe wake hawachanganyiki na wa wengine, mpaka wazee waseme yamekwisha. Wengi wao walikuwa Wakristo, na katekista alisema Jumapili kwamba mambo hayo ni ya giza. Walimwitikia amina na kwenda nyumbani kwa njia isiyopita kwa Mama Tluway. Mimi mgeni sikuambiwa lolote, kwa sababu habari ya namna ile haisemwi mbele ya mke mpya. Nikaendelea kutazama njia.

Jioni moja niliwasikia wakwe wakiongea kwa muda mrefu nyuma ya ukuta. Nilisikia jina la Mama Tluway, kisha sauti ya baba mkwe ikiuliza kitu kifupi na mama mkwe akijibu kwa ukali. Alinieleza mwenyewe walichosema, miezi baadaye. Alimwambia mumewe, "Nina wasiwasi na huyu mtoto. Inawezekana si homa." Baba mkwe akasema, "Muulize." Naye akajibu, "Nimuulize mimi? Mke wa mwanangu? Anione mtu gani?" Na baba mkwe, ambaye hakupenda mazungumzo ya wanawake, akasema, "Ametoka Dirma juzi. Ni homa tu." Basi. Ndivyo ilivyoamuliwa, kwa maneno machache, na mimi nikiwa nimelala upande wa pili nikisikiliza sauti zao na kujisikia salama.

"Kunywa, mwanangu," aliniambia. "Homa yenu ya bondeni hiyo."

"Asante, mama."

"Chungu?"

"Chungu, mama."

"Ndiyo dawa. Ingekuwa tamu ingekuwa chai."

Uchungu wa pakanga hauishii kwenye ulimi. Unashuka, unakaa nyuma ya koo, na mchana ukila ugali unaukuta pale umekusubiri. Sikujua kwamba ina ubaya wowote. Kwetu Dirma tulichemsha magome na mizizi kwenye supu, majani yale nilikuwa sijawahi kuyaona, na kumkatalia mama mkwe kikombe alichokishika kwa mikono miwili ni jambo ambalo hata leo sijui ningelifanyaje. Nilitapika zaidi. Yeye akaona homa imekuwa sugu, akaongeza majani. Alinishika kichwa nikinywa, akanifuta mdomo kwa khanga yake. Kadiri nilivyozidi kuumwa ndivyo alivyozidi kunihurumia, na kadiri alivyonihurumia ndivyo alivyozidi kuninywesha.

Ilitokea asubuhi, nikiwa kizingitini na maharage. Maumivu yalianza kiunoni, nikadhani nimekaa vibaya. Niliposimama, ungo ukaanguka, na yeye akatoka kuona ni nini kimeanguka. Hakutazama maharage. Alitazama miguu yangu. Alikuwa mwanamke aliyezalisha wengi, hakuhitaji kuelezwa. Alinishika mabega mawili, akaniuliza, akiwa amesahau sauti yake ya upole, "Kwa nini hukusema?" Na mimi, ambaye sikuwahi kumjibu mkwe kwa swali, nikasema, "Kwa nini hukuuliza?" Alinilaza kwenye majani ya ng'ombe, akafanya yote yaliyopasa kufanywa, na mwishowe ikawa mimi ndiye ninayemwambia, "Pole, mama, pole."

Wazee walikuja wakasimama mbali na wakasema kwamba na mimi nimeingia metimani. Niliwekwa kwenye kibanda cha chini ya shamba, kilichokuwa cha kulindia mahindi dhidi ya nguruwe pori. Nilipewa chungu changu, kibuyu changu, na moto ambao haukutoka kwenye moto wa nyumba. Chakula kililetwa kikaachwa kwenye jiwe, na aliyekileta akarudi nyuma kabla sijatoka. Nililia siku nzima ya kwanza kwa kiherehere cha mtu anayedhani akilia sana kitu kitabadilika. Siku ya pili, jua likiwa limeshaanza kuinama, niliona mama mkwe anateremka shambani na ngozi yake ya kulalia begani na sufuria mkononi. Baba mkwe alikuwa juu kwenye ua akimwita kwa sauti ya kumkanya. Hakugeuka. Alipita lile jiwe, akaingia kibandani, akatandika ngozi yake kando ya yangu, akachukua kibuyu changu akanywa maji. Tangu hapo na yeye alikuwa metimani. Hakuna aliyemfuata tena kwa dawa, na kanisani nafasi yake ilibaki wazi.

Tulikaa humo mpaka mvua zikaja na mahindi yakaota mpaka mlangoni. Sijawahi kukaa karibu na mtu yeyote namna ile, hata mume wangu. Tulikula makande bila chumvi ya kutosha, tulivaa nguo zilizonuka moshi mmoja, na kwa kuwa hapakuwa na mtu mwingine wa kuongea naye tuliongea. Hapo ndipo aliponieleza habari ya Mama Tluway, na maneno ya nyuma ya ukuta, na kile alichomfokea mke wa jirani. "Nilimwambia, pakanga na tumbo lenye mtu havikutani," alisema. "Wilaya nzima nimewaambia hivyo. Wewe tu ndiyo sikukuambia." Alinifundisha kila alichokijua kuhusu majani yale, wapi yanaota, nani anywe, kiasi gani, dalili gani zikionekana uache. Alinifundisha kama mtu anayetoa ushahidi dhidi yake mwenyewe. Kuna asubuhi nilimchukia kiasi kwamba nilitoka nje nikasimama kwenye mvua ili nisiwe chini ya paa moja naye. Alinifuata na blanketi, hakunibembeleza, akasimama naye akalowa.

Nilipopata nguvu alinipeleka zahanati, kwa njia ya kuzunguka, tusipite kwenye chemchemi ya watu. Mganga alikuwa kijana kutoka mbali, hakujua habari za metimani na wala hakuogopa kukaa nasi. Nilimuuliza mbele ya mama mkwe, "Ni pakanga?" Akafikiri. Akasema huenda ndiyo, huenda siyo. Akasema dawa ile inaweza kulikaza tumbo la uzazi na mjamzito hapaswi kuigusa, lakini pia mimba nyingi changa hutoka zenyewe na hakuna kipimo pale cha kuonyesha ni sababu ipi. Alisema hivyo kwa wema, akidhani anatupunguzia mzigo. Laiti angesema ndiyo. Mtu mwenye ndiyo anaweza kusamehe au kukataa kusamehe, akamaliza. Mimi nilipewa huenda, na huenda haina mwisho. Tulipotoka mama mkwe alikaa chini kando ya njia, akasema, "Wewe chukua hiyo huenda siyo. Mimi nitachukua ile nyingine." Sikumpa hata moja. Nilizibeba zote mbili mpaka nyumbani.

Wazee walitutoa baadaye kwa taratibu zao, Paskali akarudi kutoka kwenye ngano, na maisha yakaendelea kwa ile tabia yake mbaya ya kuendelea. Nilizaa watoto, na kila mmoja alinipokelea yeye. Aliendelea kutoa dawa, ila sasa alimuuliza kila mwanamke mwenyewe, kwa mdomo wake, mbele ya yeyote aliyekuwepo, binti wa watu, mke wa katekista, hata mkwe mgeni ambaye hajamaliza kusalimia. Watu walisema amekosa adabu ya kizamani. Wengine waliacha kwenda kwake. Hakuna aliyejua sababu, maana jambo lile halikuzungumzwa tena ndani ya ukoo. Paskali mwenyewe aliniuliza mara moja tu, kisha akafa bila kuuliza tena, Mungu amlaze pema. Mtoto wetu yule hakuwa na kaburi. Hakupewa jina, hakuna padri aliyemtaja, na kwenye hesabu za ukoo hayumo. Tulikuwa wawili tu tuliojua kwamba aliwahi kuwepo, na hatukumtaja.

Wiki ya mwisho ya mama mkwe nilikuwa naye mimi, watoto wake wakiingia na kutoka. Mchana mmoja walikwenda kunywesha ng'ombe, nikabaki nikimkanda miguu iliyokuwa imeanza kupoa. Nilidhani amelala. Akasema, bila kufungua macho, kwa kile Kiswahili chake cha kanisani na mnadani, "Marselina. Hasira yako bado ipo?"

Ningeweza kumdanganya. Mtu anayekufa hudanganywa, ni sehemu ya kumhudumia. Lakini hatukuwahi kudanganyana tangu kibandani, basi nikasema, "Ipo, mama."

Akashusha pumzi ndefu, na uso wake ukalegea, nami nikaona kwamba amefarijika. "Vizuri," akasema. "Niliogopa imeisha. Ingeisha, yule mtoto angebaki na nani?"

Niliendelea kumkanda miguu mpaka wale wa ng'ombe waliporudi wakipiga kelele uani, naye akaniambia niwaambie wanyamaze kidogo. Alikufa siku mbili baadaye. Wanawake wa Daudi wanasema hawajawahi kuona mkwe akimlilia mkwe namna ile, na mimi nawaacha waseme. Tulikuwa wawili tuliomkumbuka yule mtoto. Sasa nimebaki mimi.